Swali la Ndege za Matanga

Kijana mmoja anayesomea uongozaji wa ndege alinitembelea hapa kwetu Suna, Migori, juzi. Alikunywa chai yangu, akaongezwa, akanywa tena, kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza bibi kizee kama aliwahi kuona gari: "Sasa Mama Zuhura, bila rada, bila kompyuta, mlikuwa mnatenganishaje ndege?" Nikamwambia, kwa kuulizana. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Nimeona afadhali niandike, maana si yeye wa kwanza kucheka, na sukari yangu inaisha.

Basi nyinyi mnaokaa mbele ya vioo vinavyowaka, nisikilizeni. Sina ugomvi na vioo vyenu. Ningekuwa na kimoja miaka ile ya tisini ningekibusu asubuhi na jioni. Lakini kioo kinakuonyesha ndege ilipo. Hakikuonyeshi waliomo ndani wanataka nini, na hilo ndilo lililokaribia kunitoa roho, mimi na mtu ninayempenda.

Uwanja wetu wa Migori ulikuwa njia ya changarawe, mfuko wa upepo juu ya mlingoti, na chumba cha mabati chenye redio, simu, kiti na mimi. Homa Bay ilikuwa vivyo hivyo, ila badala yangu palikuwa na Jaduong' Owuor. Jaduong' kwa Kiluo ni mzee wa heshima, na huyu alinizidi umri, kazi na maneno. Kati ya kwangu na kwake ndege ndogo ilienda kwa muda wa kunywa chai ya moto bila haraka. Waongozaji wenye mnara na vyeo walikuwa Kisumu. Kile kipande cha anga kilichokuwa kati yetu wawili Kisumu hawakukisikia vizuri kwa sababu ya umbali na vilima, kwa hiyo tuliachiwa sisi.

Kanuni yetu ilikuwa nyepesi. Anayetoka Migori kwenda kaskazini alipita futi elfu saba. Anayekuja Migori kutoka Homa Bay alipita elfu nane. Hivyo hata mawingu yakifunga na marubani wasionane, mmoja yuko juu ya mwenzake na hakuna wa kugusana. Na kila ndege ilikuwa na mwenyewe mmoja tu kwa wakati mmoja, mimi au Owuor, na tulikabidhiana kwa maneno.

Kukabidhiana nilifundishwa Nairobi na Bwana Mwakio, Mtaita mwembamba aliyekuwa havai saa kwa sababu alisema inamharakisha. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ukimpa mwenzako sufuria ya moto, unaiachia lini?"

"Anaposhika."

"Utajuaje ameshika?"

"Ataniambia."

"Na asipokuambia?"

"Nitaungua, Bwana Mwakio."

"Basi ungua," akasema, akaenda kunywa maji.

Hilo ndilo lilikuwa somo zima la asubuhi ile, na sijapata lililolipita. Ndiyo maana mimi na Owuor hatukusema "nimekupa" tukaondoka. Tulisubiri mwenzetu aseme, "Nimeshika, ni yangu." Asiposema, ndege bado ni ya yule aliyeitoa, hata kama inapita juu ya paa la mwenziwe.

Nilipofika Migori nikiwa na cheti kipya na viatu vya kisigino, nilijiona nimerudi nyumbani kuwaonyesha. Baba yangu alikuwa na duka la leso na vitenge karibu na msikiti, na wateja wake walizoea kuniona nikipima vitambaa. Mama alipoambiwa kazi yangu ni kuongea na ndege alimtazama baba, akasema, "Si nilikwambia huyu mtoto apelekwe kwa sheikh?" Asubuhi ya kwanza nikashika redio, nikaita Homa Bay kama nilivyofundishwa: jina lake, jina langu, naomba hali ya hewa.

Sauti nzito ikajibu, "Oyawore, nyar Suna. Umeamkaje?"

Nyar Suna ni binti wa Suna. Sijui nani alimwambia natoka wapi. Nikajibu kwamba nimeamka salama, naomba hali ya hewa.

"Na mama ameamkaje? Mzee wa duka? Kwenu mvua imenyesha? Huku kwetu imekataa kabisa. Ng'ombe yangu moja inakohoa."

Nilikasirika. Nilimwona mzee wa kijijini anayechezea redio ya serikali. Wiki nzima nilimjibu kwa mkato, naye wiki nzima akaniuliza habari za mama. Kisha siku moja nikaamka na homa, nikaja kazini hivyo hivyo. Owuor alinisalimia, nikaitikia, naye akasema, "Leo nitakuwa nakupa moja moja. Mpaka umalize moja, sikupi ingine. Sauti yako iko mgonjwa."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Zile salamu zilikuwa kipimo. Kabla ya ndege ya kwanza kuruka alitaka kujua ni Zuhura gani aliyekaa kwenye kiti leo: mzima, mgonjwa, mwenye usingizi au mwenye hasira. Na zikishakwisha, zimekwisha; ndege ikiwa hewani hutamsikia akiuliza habari ya ng'ombe. Tangu siku hiyo nami nikaanza kumuuliza, na nikawa najua ng'ombe wake kwa majina. Nyinyi mnaobonyeza kitufe mwenzenu akapokea, siku mojamoja mpigieni simu mumsikie anavyopumua.

Msidhani ilikuwa kazi ya heshima wakati wote. Mfuko wetu wa upepo, ule unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi, uliibwa mara nyingi mpaka nikaacha kushangaa. Mara moja nilisikia uko Osiri kwenye machimbo ya dhahabu. Nikaenda mwenyewe, nikaukuta umetandazwa kwenye ubao wa kusafishia mchanga, ukinasa chembe za dhahabu vizuri kuliko ulivyowahi kunasa upepo. Nilipomwambia mwenye ubao kwamba kile ni chombo cha usalama wa anga, aliniangalia kwa huruma, akasema, "Madam, upepo si uko tu? Mtu akitaka kuujua si anatema mate aone inaenda wapi?" Aliurudisha, lakini kwanza aliukung'uta juu ya karai kwa uangalifu mkubwa. Kwa miezi kadhaa uwanja wa Migori ulikuwa na mfuko wa upepo unaometameta jua likiwaka.

Na ng'ombe. Siku ya soko nilikuwa natembea njia yote kwa miguu kabla ya ndege kushuka, nikipunga leso na kupiga kelele kwa Kiswahili, nao hawasogei. Owuor akanifundisha kwenye simu mluzi wa wachungaji wa huko. Nilijifunza kuupiga mbele ya redio, akinisahihisha, mpaka rubani mmoja aliyekuwa angani akauliza kwa woga kama redio yake imeharibika.

Sasa niwapeleke kwenye ile Jumamosi.

Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya mazishi, na wenye uwezo waliwaleta wapendwa wao kwa ndege kutoka Nairobi. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka, yenye matundu hapa na pale. Ndege moja ya kukodi ilikuwa imebeba jeneza la mhandisi mmoja, kijana bado, pamoja na mjane na mwana wao wa kwanza. Ilitua Homa Bay kumchukua kaka wa marehemu na padri, kisha ije Migori, mazishi yakiwa karibu na mjini.

Wakati huohuo kwangu kulikuwa na ndege ya wagonjwa, injini tayari, ikisubiri kumpeleka Kisumu mama aliyekuwa akijifungua na damu haikatiki. Mama huyo alikuwa Mwanaidi, mdogo wangu, niliyelala naye kitanda kimoja tangu utoto mpaka alipoolewa.

Nilimwona akipitishwa kwenye machela mbele ya dirisha langu. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Aliinua mkono kunipungia, ukaanguka. Nilitaka kutoka, nimshike hata mguu. Lakini redio ikaita.

"Migori, Homa Bay. Ndege ya matanga imeruka, inakuja kwako, elfu nane."

"Nimeshika," nikasema. "Ni yangu."

Kila kitu kilikuwa sawa. Yule elfu nane akija, huyu elfu saba akienda. Kapteni Wekesa, rubani wa ndege ya wagonjwa, akaomba kuruka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumruhusu simu ilipolia. Alikuwa Owuor.

"Nyar Suna, hiyo ndege nimekupa, lakini roho yangu inakataa."

"Baba Achieng, nina mgonjwa hapa," nikamwambia. Achieng ni binti yake, na nilimwita hivyo nilipokuwa namsihi.

"Najua. Nisikize kidogo tu. Hawa watu nimewaona hapa kwa uwanja, na hii familia tunaijua. Marehemu alilelewa na dayo yake huko Ndhiwa, nyanya yake mzaa mama. Dayo bado yuko. Ni miguu tu imekataa, hawezi fika kwa mazishi. Sasa wewe fikiria. Watapita juu ya boma ya dayo na mtoto wake ndani, wapite tu kama wageni? Bila kuagana? Hiyo kitu kwetu haiko."

"Rubani amesema elfu nane."

"Rubani ni mtu wa Nairobi. Saa hii kijana wa marehemu anamlilia hapo kwa bega. Wewe ungekataa?"

Ndhiwa iko katikati ya njia. Ili nyanya aione ndege kupitia mawingu yale, ingebidi rubani ateremke chini kabisa, azunguke boma, kisha apande tena. Kuteremka na kupanda kote huko angekuwa anakata elfu saba, ile ile ambayo ningempa Kapteni Wekesa na dada yangu.

Niliiita ndege ya matanga. Kimya. Nikaita tena, kimya.

Hapa nataka mtulie, wanangu, maana ndipo kazi ilipo. Ndege iliyo elfu nane, kwa umbali ule, ningeisikia kama mtu aliye mlangoni. Kama hanijibu, basi hayuko elfu nane. Ameshuka nyuma ya vilima na sauti yangu haimfikii. Kimya nacho ni habari, na mtu akikosa kujibu usijijibie wewe kwa niaba yake.

"Kapteni," nikasema, "baki hapo hapo. Usiruke."

"Kwani kuna nini? Si huyo mwingine ako elfu nane?"

"Wa elfu nane simpati."

Wekesa alikuwa mtu mzima kazini na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Sawa, mama," akasema. "Nangoja."

Sista Pamela, muuguzi aliyekuwa na Mwanaidi, hakuwa na subira hiyo. Alishuka ndegeni akaja mpaka dirishani kwangu, glavu zikiwa nyekundu mpaka kwenye kifundo.

"Zuhura, unatuzuia ya nini? Huyu mtu anaisha!"

"Kuna ndege njiani, sista, sijui iko wapi."

"Ni dada yako!"

"Najua ni dada yangu."

Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mchawi, akarudi mbio. Mimi nilibaki na simu sikio moja na redio sikio lingine. Nawaambia ukweli, niliwaza kumruhusu. Niliwaza, anga ni pana, ndege mbili zitakutanaje katika upana wote huo? Niliwaza pia kwamba Owuor ni mzee tu mwenye hisia, na kwamba mdogo wangu akifia pale kwa sababu ya hisia za mzee nitamwambia nini mama.

"Nyar Suna," Owuor akasema kwenye simu. Hakuwa ameikata. "Sauti yako leo ni ya dada, si ya kazi. Mpe Wekesa anisikize mimi. Mimi ndiye nitamwambia aende ama akae. Ikiwa mbaya, ni mimi nimezuia, si wewe."

Alikuwa ananipokonya mzigo. Sheria haikumruhusu, ndege zote mbili zilikuwa zangu, na lawama ingemfikia yeye na malipo yake ya uzeeni yaliyokuwa karibu. Nililia, sikatai. Lakini sikumpa. Nilimwambia, "Hapana, Baba Achieng. Kaa tu hapo kwa simu usiniache." Naye akakaa. Nilimsikia anavyopumua.

Kisha redio ikakwaruza, sauti ya kijana, nyepesi, kama mtu aliyetoka kufuta machozi. "Migori, samahani, tulipita Ndhiwa kidogo. Tunapanda kurudi elfu nane. Sasa hivi tunapita elfu saba, ndani ya wingu."

Sauti yangu iliyomjibu sijui ilitoka wapi. Nilimwambia apande mpaka elfu nane, akifika aseme. Akapanda, akasema. Nikamwambia Wekesa, "Ruka, elfu saba, na Mungu akufikishe." Changarawe ikaruka, mabati yakatikisika, na dada yangu akapotea mawinguni. Owuor alipompokea kule juu alisema maneno ya kazi tu, polepole, kama anayempokea mtoto yai mkononi.

Ndege ya matanga ilipotua, rubani alikuja chumbani kwangu kofia mkononi. Nilikuwa nimemwandalia matusi ya Kiswahili, Kiluo na mengine niliyoyapata Osiri. Lakini nyuma yake alisimama yule mwana wa marehemu, shati limelowa machozi, akasema, "Mama, tumeonekana. Dayo alikuwa amebebwa nje kwa kiti. Alipunga leso mpaka tukapotea." Matusi yakanikauka kooni. Nilimwambia rubani, mbele ya mtoto, kwa sauti ya chini: "Mngeniambia, ningewapa Ndhiwa yote, na kila mtu angewapisha." Akaelewa alichokuwa nusura akifanye. Akakaa chini sakafuni.

Jumatatu, baada ya salamu, mimi na Owuor tuliongea. Hatukuandika ripoti ya kumkaanga yule kijana. Wekesa alimketisha akamwambia ya kumwambia, na yalitosha. Sisi tulitazama lililokuwa letu. Tulikuwa tunauliza ndege imebeba watu wangapi, mafuta kiasi gani, inakwenda wapi. Hatukuwa tumewahi kuuliza kama kuna mtu njiani anayepaswa kuagwa. Watu wetu hawawezi kuacha kuaga, na ukiwakataza watafanya kimyakimya. Kwa hiyo tangu siku hiyo, kila ndege ya matanga kabla haijaruka, mmoja wetu alimuuliza rubani, na rubani aliwauliza wafiwa: "Kuna mahali mnataka kupita kuaga?" Wakisema ndiyo, tulisimamisha wengine, tukaisafisha njia, wakashuka, wakaaga, wakapanda, tukaendelea. Marubani wageni walicheka mwanzoni. Bwana Mwakio aliposikia hakucheka. Alisema ataliweka kwenye masomo yake, na sijui kama aliliweka.

Kwa hiyo mkipewa sehemu mpya ya kazi, jifunzeni milima yake, upepo wake na mvua zake, kisha muulize watu wa hapo huzika vipi, huoa vipi na husalimiana vipi. Ndege zinaendeshwa na watu na zimejaa watu.

Mwanaidi alirudi kutoka Kisumu amekonda, na mtoto wa kike mwenye sauti kama king'ora. Nilienda kumwona na supu. Alikuwa ameshasimuliwa na Sista Pamela, nikaliona hilo mara tu nilipovuka kizingiti. Alingoja wanawake wengine watoke.

"Nilikuwa nasikia injini," akasema. "Nasikia inanguruma na haiendi. Nikawa najiambia, Zuhura hajui ni mimi niliye humu. Angejua angetuachia. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua ninakufa?"

Kuna uongo mwingi mzuri ambao dada anaweza kumwambia dada. Ulinijia mmoja baada ya mwingine, na wote ulikuwa wa upendo.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Nilifikiri ataniambia nitoke. Kisha akamfungua mtoto kifuani, akamfunga vizuri kwenye leso, akanyoosha mikono.

"Haya mshike," akasema. "Mimi sijaoga tangu jana."